Fundi Aliyeunda kwa Imani

Neno la Mungu: Waraka kwa Waebrania 11:7, tena Mwanzo 6:8–22.



Mwezi huu twataka kuwaletea habari za mtu mmoja aliyelala katika Bwana huko kisiwani Pemba, tuzipime kwa Neno la Mungu, tupate mafundisho. Hakuwa mchungaji wala mwinjilisti, wala hakuhesabiwa miongoni mwa wazee wa usharika. Alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Aliunda mashua, akatengeneza majahazi yaliyoharibika, na kwa kazi hiyo akailisha nyumba yake hata siku zake zikatimia. Jina lake hatuliandiki, maana jamaa zake wametuomba hivyo.

Siku ya maziko mtu mmoja alimwuliza mwenzake, "Marehemu alikuwa na kazi gani katika kanisa?" Akajibiwa, "Hakuwa na kazi. Alikuwa fundi tu."

Neno hili "tu" ni dogo, lakini lina sumu ndani yake. Likiachwa, litawafundisha watoto wetu ya kuwa Mungu anayo kazi yake siku ya Jumapili kanisani, na ya kuwa kazi za siku sita si zake. Basi na tulipeleke mbele ya Maandiko, tuone kama litasimama.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, awahesabu mashahidi wa imani mmoja mmoja. Akifika kwa Nuhu, amtajia nini? Hamtajii mahubiri, wala hamtajii cheo. Ataja safina. Atueleza ya kuwa Nuhu alionywa na Mungu juu ya jambo ambalo jicho lilikuwa halijaliona bado, naye kwa kumcha Mungu akaunda chombo, ili watu wa nyumbani mwake wapate kuokoka. Tazameni, ndugu: imani ya Nuhu ilishika tezo mkononi. Ilikata miti, ikapima dhiraa, ikatia lami ndani na nje. Kitabu cha Mwanzo chatupa hata vipimo: dhiraa 300 kwenda urefu, dhiraa 50 kwenda upana, dhiraa 30 kwenda juu. Mungu aliyeziumba nyota hakuona haya kuzungumza na mtumishi wake habari za urefu wa mbao. Tena ataja jamaa yake: mkewe, na wanawe, na wake za wanawe. Kazi na nyumba zimefungwa pamoja, hata huwezi kuzitenga.

Wala Nuhu si peke yake. Katika Kutoka sura ya 31 twasoma habari za Bezaleli wa kabila la Yuda, aliyejazwa Roho wa Mungu. Naye alijazwa kwa ajili ya kazi gani? Kufua dhahabu na fedha na shaba, kukata vito, kuchonga mti. Mtume Paulo alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Priskila, mtu na mkewe wakifanya kazi moja chini ya dari moja. Na Bwana wetu mwenyewe, watu wa Nazareti walimwita seremala, nao walimwita hivyo kwa kumdharau, sawasawa na yule aliyesema "fundi tu." Mwana wa Mungu alipoanza kuhubiri alikuwa na umri wa miaka kama 30. Miaka iliyotangulia, sehemu yake kubwa, ilipita katika kijiji kidogo, nyumbani kwa fundi. Kama kazi ya mikono ingalikuwa kitu cha kuonea haya, Baba wa mbinguni asingalimweka Mwanawe mpendwa mahali pale.

Baba yetu Martin Luther aliliona jambo hili waziwazi. Zamani zake watu walidhani ya kuwa mtawa na kasisi wako katika daraja takatifu, na ya kuwa mkulima na fundi wako chini yao. Mwaka 1520, katika kitabu alichowaandikia wakuu wa Ujerumani, alifundisha ya kuwa wote waliobatizwa ni makuhani. Mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja amepewa kazi yake ili awafae wengine. Tofauti iliyopo kati yao na mchungaji ni tofauti ya kazi, si tofauti ya utakatifu. Naye Luther hakuyasema hayo kama mtu aliyezaliwa katika jumba la wakuu. Alikuwa mwana wa Hans, mtu wa machimbo na matanuru ya shaba huko Mansfeld. Alijua harufu ya nguo za mtu arudiye kutoka kazini.

Hayo ni ya Wakristo wote kila mahali. Lakini kisiwani Pemba jambo hili lina uzito wa peke yake, na yafaa tueleze sababu, hasa kwa ajili yenu mlioko bara.

Pemba ni kisiwa cha karafuu. Mikarafuu ilipandwa kwa wingi huko katika karne ya 19, zamani za Seyyid Said na wanawe. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo mavuno ya Pemba yakapita yale ya Unguja. Karafuu zataka mikono mingi, na mikono ile ilikuwa mikono ya watumwa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Hata hivyo watu waliendelea kuvushwa kwa siri wakati wa usiku, wakashushwa katika hori za Pemba. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mpaka mwezi wa Aprili 1897.

Hapa fundi wa vyombo na atie akilini. Waliovushwa usiku walivushwa kwa nini, kama si kwa vyombo? Tezo ile ile iundayo mashua ya mvuvi iliunda na chombo kilichobeba mateka. Mti hauulizi utachukua nini. Basi ufundi peke yake si utakatifu. Mwenye kushika tezo ndiye atakayeulizwa.

Tena utumwa uliacha jeraha katika mawazo ya watu. Kazi ya jasho, hasa ya jembe, ikaonekana kuwa alama ya mtumwa, na uungwana ukadhaniwa kuwa ni kukaa barazani na kutumikiwa. Katika mwaka huo huo wa 1897 wamisionari wa chama cha Marafiki, waitwao Quakers, walianza kazi Pemba, akiwa pamoja nao Theodore Burtt, wakapata shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake. Wakaiita misheni yao misheni ya kazi. Hawa si wa kanisa letu, lakini neno walilolishika ni kweli: mtu huru naye hufanya kazi, naye hupewa ujira wake, akauchukua nyumbani kwa mkewe na watoto wake. Likumbukeni neno hilo la ujira. Tutalirudia.

Sasa tumtazame ndugu yetu mwenyewe.

Alitoka bara akiwa kijana, akavuka bahari kwenda kuchuma karafuu. Msimu ulipokwisha wenzake walirudi makwao. Yeye akabaki, akajitia chini ya mkono wa fundi mmoja mzee, Mwislamu, ufukweni pa Wete. Mzee yule alimwuliza kama ataweza kuamka alfajiri. Miaka ya kwanza kazi yake ilikuwa kufagia vibanzi, kuchemsha mafuta, na kuvuta upinde wa keekee mpaka mabega yakawaka moto. Ndipo akafundishwa kuchagua mti: mvule kwa mbao, mfenesi kwa kazi nyingine. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa katika mti uliopinda wenyewe tangu porini. Ukiuchukua mti ulionyoka ukauchonga mpaka upinde, nyuzi zake hukatika, na nguvu zake hutoka. Wala hapana karatasi yenye michoro. Fundi hulaza mkuku, akasimamisha fashini, akapima kwa kamba na kwa jicho.

Mbao zikiisha kushikwa kwa misumari, nafasi zilizo katikati huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, nayo huitwa kalafati. Kisha chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hii ya kalafati ni ya kuchosha, nayo ikiisha kupakwa haionekani tena. Mwenye chombo haioni, abiria haioni. Bahari ndiyo iionayo.

Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, ikiwa imejazwa watu na mizigo kupita kadiri. Mamia ya watu walikufa, na nyumba nyingi za kisiwa hiki zikaketi matanga. Chombo chaweza kuwa cha chuma, tena chenye mashine zenye nguvu. Lakini pasipo uaminifu wa wale wanaokishughulikia, hakiwezi kumfikisha mtu kwao.

Mwaka mmoja, msimu wa karafuu ulipokaribia, mwenye jahazi alimletea fundi wetu chombo chake. Ubao mmoja, chini ya maji, ulikuwa umetobolewa na wadudu wa baharini. Fundi akasema, "Ubao huu hauna budi kutolewa." Mwenye chombo akasema, "Siku hazitoshi. Tia kalafati, paka shahamu, watu wanangoja mizigo yao." Akamtilia ujira mzima mkononi. Fundi akaurudisha, akasema, "Bwana, humu watapanda watoto wa watu." Chombo kikapelekwa kwa mwingine, na juma lile nyumbani kwa fundi walikula muhogo bila kitoweo.

Labda mwauliza jahazi lile lilifika wapi. Hatukupeleleza. Yamkini lilisafiri salama miaka mingi. Uaminifu wa fundi haukungoja watu wafe maji ndipo uwe kweli; ulikuwa kweli siku ile ile, katika nyumba yenye muhogo mkavu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nuhu. Alipiga nyundo kukiwa kukavu.

Haya, na tuingie nyumbani mwake. Alioa mke mmoja, nao wakajaliwa watoto watano. Yeye mwenyewe alisoma kwa shida, kwa maana alijifunza herufi akiwa mtu mzima katika darasa la ubatizo. Hata hivyo kila jioni, akiisha kuoga na kula, aliwaketisha watoto mkekani akawafundisha Katekisimo Ndogo, akiandika maneno magumu kwa mkaa juu ya vipande vya mbao alivyovileta kutoka ufukweni. Luther alipoitoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya mafungu yake ya kuwa mambo haya ndiyo ambayo mkuu wa nyumba imempasa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Alimtaja mkuu wa nyumba. Lakini wengi wetu tumemtwika mwalimu mzigo wote, kisha twamlaumu mtoto asipojua Amri Kumi.

Ikawa mkewe akaugua muda wa miezi mingi. Fundi akawa huamka usiku ungali mweusi, akateka maji kisimani, akawafulia watoto nguo, akakoroga uji, ndipo akashuka ufukweni kwa kazi yake. Wanaume wengine walimcheka, wakasema amelishwa limbwata. Yeye hakugombana nao. Aliwajibu, "Mtoto mwenye kiu haulizi aliyeteka maji ni baba au mama."

Waliomcheka walidhani wanatetea heshima ya wanaume. Lakini Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, aliandika habari za baba afuaye nepi za mtoto wake. Asema watu na wamcheke wapendavyo, bali Mungu pamoja na malaika zake humfurahia, si kwa sababu ya nepi, ila kwa sababu afanya hayo katika imani. Basi mwanamume achague mwenyewe: kuchekwa na wa barazani, au kufurahiwa na wa mbinguni.

Lakini msidhani ya kuwa twamfanya kuwa mtu asiye na waa. Ulimi wake ulikuwa mkali juu ya vijana aliowafundisha. Siku moja alimtukana kijana mmoja mbele ya wavuvi kwa ajili ya ubao uliokatwa vibaya, na kijana akaenda zake kwao akilia. Jioni fundi akamfuata, akamwomba radhi mbele ya baba yake. Kwa fundi mkuu jambo hilo si jepesi. Sisi Walutheri hatuhubiri ya kuwa mtu huokolewa kwa mbao zake. Someni vizuri sura ya 6 ya Mwanzo: neema yatajwa katika mstari wa 8, na safina yatajwa katika mstari wa 14. Nuhu alikuwa amekwisha kupata neema machoni pa Mungu kabla hajaukata mti wa kwanza. Naye baada ya gharika alilewa, akalala uchi hemani mwake. Safina ilikuwa tunda la imani. Haikuwa bei ya wokovu.

Fundi wetu aliyajua hayo. Tulipompelekea Chakula cha Bwana katika ugonjwa wake wa mwisho, hakutaja hata chombo kimoja alichokiunda. Aliuliza jambo moja, kama dhambi zake zimesamehewa kweli. Tukamjibu kwa ahadi ya Kristo aliyekufa na kufufuka kwa ajili yake. Akasema, "Basi, na washue."

Sasa twaja kwenye neno lililo zito, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Jirani zetu Waislamu wa Pemba wana desturi njema. Maiti akiwa bado hajazikwa, mtu wa jamaa husimama mbele ya watu akauliza kama marehemu anadaiwa na mtu, apate kulipiwa. Mwana mkubwa wa fundi alifanya vivyo hivyo. Akajitokeza mwuza misumari, akataja deni dogo. Likalipwa kabla ya siku tatu kupita, kwa kuwa baba alikuwa ameagiza hivi: misumari kwanza. Lakini hapakuwa na mtu aliyeuliza swali la pili, yaani marehemu mwenyewe awadai akina nani.

Matanga yalipokwisha, mjane alifungua daftari lake. Kumbe majina ni mengi. Mengine ni ya wavuvi maskini, nayo marehemu alikuwa ameyapiga mstari kwa mkono wake, ndiyo alama ya kuwa amewasamehe. Mengine hayana mstari. Hayo ni ya watu wenye mali, na baadhi yao ni wa usharika wetu wenyewe, watu walioimba kwa sauti kuu kaburini.

Ndugu, twaandika bila hasira, lakini hatuwezi kunyamaza. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, yatukataza kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Hawa wamelala nao miaka. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, atufundisha ya kuwa ujira uliozuiliwa una sauti yake, nayo yafika masikioni mwa Bwana. Mjane huyu hajasema neno kwa mtu. Ameketi kimya na daftari lake. Lakini mbele za Mungu hakuna kimya hapo.

Tena kumbukeni ardhi mnayoikanyaga. Utumwa ulikuwa nini, kama si kutumia mikono ya mtu na kumnyima ujira wake? Tofauti ya mtumwa na mtu huru haikuwa kwamba mmoja hufanya kazi na mwingine hafanyi. Wote wawili hufanya kazi. Ila mmoja huchukua kitu nyumbani. Sheria ya mwaka 1897 ilivunja minyororo. Lakini kila mtu amcheleweshaye fundi malipo yake, kwa kuwa fundi ni mpole, au kwa kuwa ni ndugu katika imani naye hataona haya kumwambia "njoo kesho," anarudisha kipande kidogo cha ule utumwa katika kisiwa kile kile. Sasa mwaona sumu ya neno lile "tu" ilikuwa wapi. Anayeidharau kazi, haoni dhambi kutoilipa. Nasi twasema wazi: mwenye deni la marehemu asije akasimama kumsifu. Sifa zake haziwezi kununua hata kibaba cha mchele kwa watoto wake.

Basi imetupasa kufanya nini?

Kwanza, mwenye deni na aende kwa mjane. Asije kwa mchungaji, wala asingoje jina lake litajwe. Na aende pamoja na shahidi mmoja, alipe. Asiyeweza kulipa yote, alipe sehemu, na aseme siku ya kumaliza. Akifanya hivyo, na aje kwenye meza ya Bwana akiwa na dhamiri nyeupe.

Pili, wazee wa usharika na walimu, mtembeleeni mjane huyu, na wajane wote walio karibu nanyi, si siku za matanga tu, bali hata mwezi wa sita na mwaka wa pili, wakati ambapo wageni wamekwisha kutawanyika. Watoto wake wawili wa mwisho wangali shuleni. Wala mtu asimshauri kuuza tezo, misumeno na keekee za marehemu kwa haraka. Mwana mkubwa azijua kazi zake. Hizo ni shamba lake.

Tatu, ninyi wazazi, msimtishe mtoto mzito wa kusoma kwa kumwambia, "Shauri yako, utakuwa fundi," kana kwamba mmemwahidi kifungo. Twahitaji walimu na waganga na makarani. Twahitaji pia watu wa kuezeka nyumba, wa kuchimba visima, wa kutengeneza mashine, wa kuunda vyombo vya kuvukia. Mtoto mwenye mkono mwepesi na mumpeleke kwa fundi mwaminifu, kisha mumwombee kama mnavyomwombea aendaye chuo cha uchungaji.

Nne, ninyi walimu mhubirio kwenye maziko, msihangaike kutafuta cheo cha marehemu, na msipokipata mkafupisha mahubiri. Ulizeni mambo matatu: alimtumaini nani, aliwafaa akina nani kwa kazi yake, na nani alikula kwa jasho lake. Mtapata ya kusema hata juu ya mtu asiyejulikana ng'ambo ya kijiji chake.

Nanyi mafundi, maseremala na waashi, washonaji na wahunzi, na wanawake msukao ukili na kufinyanga vyungu, neno letu kwenu ni fupi. Ufanyieni kazi upande usioonekana. Wanafunzi wa marehemu, Wakristo na Waislamu pamoja, ndio waliolichonga sanduku lake la kuzikiwa. Walipiga randa mbao zote upande wa nje, kisha wakazigeuza wakapiga randa upande wa ndani. Mtu mmoja akawauliza, "Huku kwa ndani ni kwa ajili ya nani?" Wakamjibu, "Ndivyo alivyotufundisha."

Ndugu wapenzi, liko neno moja zaidi katika habari za Nuhu, nalo ni faraja yetu. Nuhu aliunda safina yote, lakini mlango hakuufunga yeye. Maandiko yasema, katika Mwanzo sura ya 7, ya kuwa Bwana mwenyewe ndiye aliyeufunga nyuma yake. Mikono ya mtu ilifanya yaliyowezekana kwa mikono, na Mungu akafanya lililobaki. Na Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, aufananisha ubatizo wetu na maji yale yaliyoichukua safina. Mtu aliyebatizwa yumo ndani ya chombo ambacho hakukiunda yeye. Kristo ndiye aliyekiunda, kwa mti wa msalaba na kwa misumari iliyopita mikononi mwake. Ndani ya chombo hicho ndugu yetu alisafiri siku zote za kazi yake, na ndani ya chombo hicho amevuka.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, mwenye kazi zote njema, twakushukuru kwa mtumishi wako uliyempa mikono hodari na moyo wa kuwapenda walio wake. Mlinde mjane wake na watoto wake. Wape wenye deni nguvu ya kulipa na haya ya kukawia. Uwabariki wote wafanyao kazi kwa mikono yao, barani na visiwani, na wasafirio baharini usiku huu. Nasi utufikishe sote bandarini kwako, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.